Chupa Ambazo Hazikuchemshwa

Jina la utani la Cheche hakupewa bure. Msichana huyo hakuwa na kituo. Akila, mguu mmoja uko mlangoni. Akisoma, macho yako dirishani. Mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alizoea kusema kwamba hata usingizini binti yake hukimbia.

Jumamosi moja asubuhi walikuwa jikoni wakimenya matufaha. Yalikuwa yale yaliyopondeka, ambayo muuza matunda huyatenga chini ya meza na kuyauza kwa bei ya kutupa. Mama alikata sehemu mbovu tu. Maganda na viini alivifunga katika kitambaa safi, akavitia sufuriani pamoja na vipande vya matunda.

"Jamu hupata uzito wake humu," alisema. "Anayetupa maganda ametupa nusu ya jamu."

"Cheche! Weee Cheche!" sauti ziliita kutoka uani. "Wa mtaa wa pili wameshafika! Tunakungoja wewe tu!"

Yalikuwa mashindano ya kuruka kamba, na Cheche ndiye aliyetegemewa. Nyayo zilianza kumwasha.

Mara mlango ukabishwa. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa amekuja kujaribu gauni lake. Mama akanawa mikono haraka.

"Mwanangu, koroga taratibu, jamu isishike chini. Kisha chemsha chupa na vifuniko vyake. Maji yatokote sawasawa, uviache humo kitambo, halafu vikauke vyenyewe. Usivifute. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

Cheche alibandika maji. Akafunua, akafunika. Akafunua tena. Yalitulia tuli, kama yameapa kutochemka. Huko nje wenzake walikuwa wanahesabu mizunguko kwa sauti, tena waliokuwa wakiruka ni wa mtaa wa pili! Cheche akazima moto. Alisuuza chupa kwa maji ya bomba, akazipangusa kwa kitambaa cha kufutia meza, akazipanga mstari.

Mama aliporudi jikoni, chupa zilikuwa zinang'aa.

"Umezichemsha?"

"Nimezichemsha, mama."

Akatoka mbio kama mshale. Siku hiyo aliruka mpaka wa mtaa wa pili wakasalimu amri.

Wiki iliyofuata, asubuhi moja kabla ya kwenda shule, Cheche alifungua chupa ili apake mkate. Kifuniko kilifyatuka, pwaa! Povu likapanda, na harufu kali ya uchachu ikamvamia puani. Pembeni mwa jamu palikuwa na ukungu wa kijani. Akakifunga upesi na kuisukuma chupa nyuma ya kabati.

"Labda ni hii moja tu," alijiambia. Lakini moyo ulikataa.

Darasani alikalia dawati kama aliyekalia upupu. Mwalimu alipomuuliza nini husafirisha damu mwilini, alijibu, "Chupa, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko. Cheche hakucheka. Alikuwa amekumbuka kwamba chupa moja mama alimpelekea Babu Saa.

Babu Saa alikuwa jirani yao wa ghorofa ya chini, fundi saa mstaafu. Alikuwa ametoka juzi juzi hospitali, alikolazwa kwa maradhi ya tumbo, na daktari alikuwa amemwonya ajihadhari sana na chakula.

Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, Cheche hakuaga mtu. Alikimbia hadi kifua kikamuuma. Mlango wa mzee ulikuwa wazi. Alikuwa mezani, kipande cha mkate uliopakwa jamu ki njiani kuelekea mdomoni.

"Babu, usile!" Cheche akakipokonya.

Mzee akabaki na vidole hewani. "Haya! Hata shikamoo hamna? Umekuwa mwizi wa mikate?"

"Shikamoo, babu. Umekula? Umekula hata kidogo?"

"Marahaba. Ndiyo kwanza nafungua kinywa. Kwani kuna nini?"

"Hujasikia harufu?"

"Pua yangu siku hizi hainusi hata moshi, mjukuu wangu."

Cheche akalia, na katika kilio hicho akamweleza yote. Mzee alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akaisogeza chupa pembeni.

"Mimi umeniwahi, ahsante. Lakini mwenye jamu ni mama yako. Nenda kwake sasa hivi, kabla ujasiri haujapoa."

Ngazi zile, ambazo siku zote alizipanda kwa kurukaruka, leo alizipanda moja moja. Mama alikuwa kwenye cherehani. Cheche alipofika kwenye maneno "sikuzichemsha", cherehani ilinyamaza. Mama aliinuka, akafungua kabati, wakamwaga jamu yote pamoja, chupa kwa chupa.

Jumamosi, muuza matunda aliwapa tena matufaha yaliyopondeka. Zamu hii Cheche alisimama mwenyewe mbele ya maji. Wenzake waliita uani. Mguu wake ulicheza sakafuni, lakini hakubanduka.

"Mwenye pupa hadiriki kula tamu," mama alisema, akimtazama. "Ila pupa si kitu, mwanangu, ni utoto, itakuisha. Kilichoniuma ni lile neno 'nimezichemsha'. Nililiamini, na kwa kuliamini nikampelekea mgonjwa chakula kibovu kwa mkono wangu mwenyewe. Uongo haukai kwa aliyeusema. Humtumia hata asiye na kosa. Siku nyingine ukishindwa kazi, niambie, 'Mama, nimeshindwa.' Hilo nitalibeba nawe."

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Nilishakusamehe."

Maji yakaanza kutokota, na chupa zikagongana sufuriani. Cheche akaangalia uani mara moja, kisha akarudisha macho jikoni.

"Yamechemka, mama," alisema. "Njoo uone mwenyewe."

Mama hakuinuka. "Ukisema yamechemka, yamechemka," alijibu, akaendelea kukoroga jamu.