Darubini ya Mzee Mutayoba

Ndugu zangu wa nyumba kumi, na ninyi wengine mtakaosikia habari hii, mimi Ndalahwa nilikuwa balozi wenu miaka saba, na mnajua sikuwa mtu wa kuchekacheka. Mgeni akilala kwako usiku mmoja bila kuandikishwa kwangu, ulinitambua. Daftari la wageni lilikuwa langu, kalamu yangu, na macho haya yalikuwa yangu. Nilipenda kuwaambia, mwenye macho haambiwi tazama. Leo nawasimulia jinsi macho haya yalivyoiumiza nyumba ya Mwalimu Specioza, nyumba ya tatu kutoka kwangu, watu ambao hawakuwa wamenikosea kitu.

Ilikuwa Jumapili, Desemba ya mwaka 1978. Asubuhi nzuri. Watu walikuwa wanarudi kanisani, akina mama wamevua viatu na kuvishika mkononi wakikipanda kilima chetu cha Bugando, maana mawe ya huku hayana huruma na soli. Mimi nilikuwa nje nimeipindua baiskeli, naupaka mnyororo mafuta. Mke wangu Dorotea alikuwa ameondoka tangu Ijumaa kwenda Buswelu kumuuguza dada yake, kwa hiyo nyumba ilikuwa kimya na chai nilijichemshia mwenyewe, chai mbaya. Ziwa kule chini lilikuwa limetulia. Kama si redio, usingejua kwamba ng'ambo ya ziwa hilo kuna vita.

Lakini redio ilikuwapo. Mnaikumbuka miezi ile. Nduli, yule adui wetu wa ng'ambo, alikuwa ameingia Kagera, watu wameuawa, nyumba zimechomwa, na sisi huku tumeambiwa tuzibe madirisha kwa mablanketi taa zisionekane, na kila mgeni tumtazame mara mbili. Mimi nilikuwa nawatazama mara nne.

Ndipo gari la Masalu likapita. Masalu dereva wa teksi mnamfahamu, mwenye ile Pijo ya kijivu ambayo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa waya. Siku hizo petroli ilipatikana kwa foleni, na Jumapili ikishafika saa nane mchana, gari la mtu binafsi likionekana barabarani ni kesi. Masalu Jumapili hulala. Sasa leo amembeba nani? Nikachungulia. Kiti cha nyuma amekaa Mwalimu Specioza, na pembeni yake mzee nisiyemjua, mrefu, kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake.

Gari halikwenda mbali. Lilisimama juu kilimani, penye ule mwamba ambao ukisimama unauona mji wote na bandari yake. Mzee akashuka, akashikwa mkono, akachomoa kitu kirefu ndani ya koti, akakiweka jichoni na kukielekeza bandarini. Darubini. Mwalimu naye akatoa karatasi akaanza kuandika. Jasusi huyo, nikajisemea.

Niambieni, mtu mwenye akili timamu angefanya nini hapo? Angeipanda ile njia ya mawe, hatua mia hazifiki, aseme shikamoo mzee, karibu kwetu, unaangalia nini? Basi, yangeisha. Mimi niliigeuza baiskeli nikawangojea washuke.

Niliwafuata mpaka ufukweni, pale mnapoliona jiwe la Bismarck limesimama majini. Wakashuka tena. Darubini jichoni, karatasi, maandishi. Kutoka hapo wakaenda gatini kinapofikia kivuko cha Kamanga, wakasimama pembeni ya watu kama wasiotaka kuvuka. Wanaangalia tu, wanaandika. Masalu kila saa anaangalia jua na kuwahimiza wapande gari. Nikajiambia, watu wema hawana haraka hiyo. Wala sikuikumbuka amri ya saa nane, ingawa ni mimi mwenyewe niliyewatangazieni nyumba kwa nyumba.

Mwisho walipanda Capri Point. Nami nikasukuma baiskeli juu huku jasho likinitoka, nikajibanza nyuma ya jiwe kama mwizi wa kuku. Kutoka pale ziwa lote liko mbele yako, na visiwa, na njia ya meli zinazokwenda Bukoba. Mzee aliangalia upande huo muda mrefu. Alisema maneno kwa lugha nisiyoielewa, Mwalimu akaandika. Kisha akajifuta macho kwa kona ya koti. Mimi nikadhani anatoa vumbi ili aone vizuri zaidi.

Nilishuka mbio kwenda kuwaita mgambo.

Tulilisimamisha gari Nyamagana, saa nane kasoro robo. Kamanda wa mgambo akaomba darubini. Mzee akamkabidhi. Ndugu zangu, lilikuwa gazeti. Gazeti lililokunjwa kama bomba na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Mtu mwenye haya angeishia hapo na kuomba radhi.

Lakini karatasi ikasomwa kwa sauti, watu wamejaa: "Bandarini meli mbili, nyeupe na ya kutu. Kivuko cha Kamanga kimejaa, ng'ombe wawili. Njia ya Bukoba iko wazi, hakuna mawingu." Umati ukaguna. Mzee akaulizwa kadi ya Chama, akasema imeungua pamoja na nyumba. Akaulizwa anatoka wapi, Kiswahili kikamshinda, akajibu Kihaya, na mmoja akapaza sauti kwamba hiyo ni lugha ya kwa nduli.

Specioza akaeleza yote pale pale barabarani. Huyo ni baba yake mzazi, Mzee Mutayoba. Amekimbia vita, ametembea siku nne porini. Macho yake yanakufa, yamebakiza tundu dogo katikati, na mwanga wa ziwa unamuumiza, ndiyo maana anachungulia kwa gazeti. Kesho anakuja daktari wa macho kwa ndege, yupo Jumatatu na Jumanne tu, kisha anakwenda mikoa mingine na hatarudi mpaka mwaka mwingine. Jina la baba lipo kwenye orodha ya kupasuliwa. Lakini daktari anaweza kushindwa, na mzee alitaka kwanza auone mji huu uliompokea, na ziwa lililo kati yake na kwao. Karatasi ni ya kumsomea baadaye, kama giza litaingia.

Nikasikiliza. Nikajisemea, uongo mtamu huo.

"Balozi," akanigeukia, "nilikuja kumwandikisha baba Alhamisi. Hukuwepo. Muulize mama nyumbani kwako."

"Mama hayupo," nikasema. "Na daftari nalishika mimi."

Kamanda akaniuliza kama namtambua mzee. Watu wote wakanitazama. Nitasema ukweli, nilijisikia mkubwa siku ile.

"Simtambui," nikasema.

Wakamchukua mzee pamoja na Masalu, wakawafungia kituoni. Masalu alilala ndani usiku mmoja, akatoka. Mzee akaambiwa atakaa mpaka balozi wake apatikane, wakati balozi wake ndiye mimi.

Jumatatu alfajiri hodi ikapigwa. Alikuwa Specioza, macho yamevimba, nguo ni zile zile za jana. Akapiga goti kidogo kama mnavyomjua kwa adabu zake.

"Shikamoo, Balozi."

Sikuitikia. Nilimtazama tu. Mnajua maana ya mtu mzima kunyamazia shikamoo. Ni kumwambia mwenzako kwamba yeye si mtu. Akaimeza aibu hiyo. Akasema daktari anaanza saa mbili, kesho jioni ndege inaondoka, maneno mawili tu yangu kwenye karatasi yangemtoa baba yake. Hakuomba kitu kingine. Nikamwambia sheria ni sheria.

Akaniuliza kama nimelitazama daftari. Nikakasirika. Mimi ndiye niliyeandika kila jina humo, nilimwambia, sihitaji kukisoma nilichokiandika kwa mkono wangu. Nikafunga mlango. Daftari lilikuwa kwenye kabati, hatua mbili kutoka kitandani kwangu, na kabati halina hata kufuli.

Nilisikia baadaye kwamba alizunguka ofisi baada ya ofisi siku zile mbili. Kila mahali aliulizwa barua ya balozi. Jumanne jioni niliisikia ndege ikipita juu ya nyumba yangu. Nilikuwa nakula.

Jumatano Dorotea akarudi. Hata mzigo hajautua, akauliza habari za baba yake Specioza, kama ameshapasuliwa na anaendeleaje. Nikamuuliza anamjuaje. Akashangaa. Akaenda kabatini, akafungua daftari, akaniwekea mbele. Mstari wa mwisho, mwandiko wake wa polepole wa elimu ya watu wazima, mwandiko niliomfundisha mwenyewe mezani pale: Mutayoba, baba wa Mwl. Specioza, mkimbizi wa vita Kagera, amekuja kutibiwa macho. Tarehe na siku ya Alhamisi.

"Ulikwenda kwenye mkutano wa tawi," akasema. "Nikaona nisimrudishe mtu aliyekuja na mzee mgonjwa. Kwani hukufungua?"

 Nilibeba daftari nikaenda mbio kituoni, nikagonga mpaka wakanifungulia, na mzee akatoka jioni ile ile. Chumba walichomweka kilikuwa na kidirisha juu karibu na dari. Siku tatu hakuona ila ukuta, na hizo zilikuwa siku tatu katika chache alizobakiwa nazo. Kufikia Februari tundu lile dogo lilikuwa limeziba, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto.

Ile karatasi? Ilipotea. Nilikwenda kuiulizia mara tano, kila mtu anamtaja mwenzake. Gazeti nililipata, limekanyagwa.

Nilikaa wiki nyingi bila kuthubutu kupita mbele ya nyumba ile. Mlinitazama, nami nikajua mnasema nini, na mlikuwa na haki. Ubalozi niliuacha mwenyewe, msidhani niliondolewa. Dorotea ndiye aliyenisukuma. Aliniambia kukaa ndani hakumfungui mtu macho.

Nikaenda Jumapili moja. Mzee alikuwa kibarazani, uso ameuelekeza ziwani kwa kufuata upepo. Nikasimama mbele yake, mtu mzima wa miaka arobaini na sita. Nilijua anaweza kunyamaza kama mimi nilivyonyamaza mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mzee. Ni Ndalahwa."

 Kuku akapita katikati yetu.

"Marahaba," akasema.

Nililia, sioni aibu kusema. Nikaomba msamaha kwa maneno yote niliyokuwa nayo. Aliniacha nimalize. Kisha, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akauliza, "Karatasi yangu iko wapi?"

Nikamwambia imepotea. Akatikisa kichwa. Akasema anakumbuka kidogo, meli nyeupe, ng'ombe wawili, lakini vingine vinamtoroka kila siku, na alitegemea karatasi.

Tangu siku hiyo, Jumapili nachukua baiskeli. Naanza pale mwambani juu ya Bugando, nashuka kwenye jiwe la Bismarck, napita gatini, namalizia Capri Point, kwa mpango ule ule wa Masalu. Naandika. Nikirudi nakaa kibarazani namsomea. Mwanzoni nilimsomea meli mbili, kivuko kimoja, ng'ombe mmoja gatini. Akaniuliza ng'ombe huyo alikuwa rangi gani. Sikujua. Nilikuwa nimesimama mbele yake na sikujua. Akaniambia nirudi. Nikarudi, kilomita zote zile, kwenda kumtazama ng'ombe. Alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe begani, na hakutaka kupanda kivuko. Nilipomweleza hilo mzee alicheka, mara ya kwanza nimsikie.

Specioza hajawahi kunisalimia tena. Nikifika anaingia ndani, anatoka nikishaondoka. Simlaumu. Shikamoo yake niliitupa mwenyewe.

MAFUNZO

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Vita ilikuwa ya kweli na adui alikuwa wa kweli, na kulinda mtaa ni kazi ya heshima. Siwaambii mlale. Nawaambia kwamba shaka ni kama moto wa jikoni. Unapika nao, lakini ukiuacha wenyewe unaunguza nyumba, na mara nyingi ni ya jirani.

Mgeni ukimtilia shaka, msalimie kwanza. Muulize kwa mdomo wako, umsikilize kwa masikio yako. Kama una daftari, lifungue, hata kama unaapa unakijua kilichomo. Na mtu akikupa shikamoo, mwitikie, hata kama unamdhania mwovu. Marahaba haimwachii mwizi huru, ila inakukumbusha kwamba mbele yako yuko mtu.

Mimi nilijigamba kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mji huu nilizaliwa ndani yake, na sikuwahi kuutazama mpaka niliponyimwa usingizi na mzee kipofu anayetaka kujua rangi ya ng'ombe. Jumapili ijayo nitapita tena kwenu na baiskeli. Mkiniona nimesimama gatini naandika, niulizeni ninaandika nini, nami nitawaambia.