Bangili ya Mama Paska

Redio ilikohoa ikiwa haina betri. Scovia aliigeuza, akatazama tumbo la redio lililo tupu, akacheka ili kujipa moyo. Tangu aanze kujifunza elektroniki kwenye simu, nyumba yao ya Pajulu ilikuwa imejaa redio zilizofumuliwa. Aogope redio, yeye?

Asubuhi ile alikuwa ameunda mtambo mdogo wa kurusha sauti: transista moja, maikrofoni ya simu mbovu, na koili. Waya ya koili ilitoka kwenye bangili ya shaba ambayo mama yake, Paska, alizungushiwa mkononi na mganga kule Koboko akiwa msichana. Mkono wa mama ulipovimba, Scovia aliikunjua, akaisokota upya juu ya kalamu. Masafa yalipokataa kukaa sawa alikata kipande cha waya, akakitupa chooni.

Redio ikakohoa tena. Ah, kikohozi cha mama! Alikimbilia jikoni, akamkuta Paska anamenya muhogo, midomo inacheza bila sauti, jasho likimtiririka, na chumba kizima kinanuka nywele zilizoungua, huku kule nyuma, kwenye redio tupu, sauti ya mama yake ikiuliza taratibu, "Scovia, maji iko wapi?"

Hakungoja chai; aliing'oa ile waya kwenye mtambo, akaitia mfukoni. Alimpakia mama yake kwenye boda hadi Koboko kwa mganga yule yule, Ramathan, na njia nzima Paska alikuwa akijishika koo, macho yamemtoka, na Scovia nyuma yake akimkumbatia kwa nguvu, akiogopa kwamba hatamsikia tena maisha yake yote.

"Nani nafungua hii?" Ramathan alinong'ona, akiigeuzageuza ile waya.

"Mimi, mzee. Mimi sikujua."

"Ilifunga jini. Inakula sauti ya mutu."

Akaizungusha waya kwenye mkono wa Paska huku akisoma dua. Ncha zikakataa kukutana.

"Ilikuwa murefu. Ingine iko wapi?"

"Nalikata, mzee. Iko ndani ya choo."

Mzee akaibana ilipofikia, pengo likabaki.

Paska akakohoa. "Mutoto wangu," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "mimi nasikia njaa."

Scovia alibubujikwa na machozi ya furaha. Akapiga magoti kumshukuru mzee, akafungua mdomo, akasukuma pumzi. Kimya.

Nje, dereva wa boda aliinamia redio ya pikipiki yake, ambamo msichana fulani alikuwa akisema, "Asante, mzee. Asante sana," naye dereva akaongeza sauti.