Ngozi Ndani ya Gurudumu la Hezekia

Gurudumu la nyuma halipo!

Nilisimama mlangoni mwa banda, debe la alizeti bado liko kichwani, nikaitazama pikipiki ya marehemu mume wangu. Imeinuliwa juu ya matofali. Nyuma patupu...

Ndugu zangu mnaonisoma, Hezekia alikuwa bwana mifugo hapa Iguguno. Pikipiki hiyo, Hallberg ya zamani, ndiyo iliyobeba chanjo za ng'ombe hadi akastaafu. Ndiyo kumbukumbu yake pekee niliyobaki nayo. Kila Jumamosi naifuta vumbi kwa kanga yangu.

Waliojua kwamba asubuhi ile nakwenda kukamua alizeti ni wawili tu. Mjukuu wangu Winfrida, na wifi yangu Luciana, dada yake Hezekia, ambaye ua wake umepakana na wangu.

Umeme ulikatika mashineni, nikarudi mapema.

Nikasikia sauti ya mwanaume uani kwa Luciana.

"Fanya haraka basi. Bibi yako akitukuta?"

"Harudi sasa hivi. Shika hapo!"

Hiyo ya pili ilikuwa sauti ya Winfrida!

Mtoto niliyemlea tangu ana miaka mitatu! Niliyempeleka VETA mwenyewe akajifunze umeme wa magari!

Kilichonijia kichwani ni zebaki. Huku kwetu matapeli huzunguka wakitafuta cherehani na redio za zamani, eti ndani mna zebaki ya mamilioni. Na wiki nzima Winfrida alikuwa anaipiga picha pikipiki ile. Nikiingia, anaficha simu.

Na Luciana... jamani, Luciana namjua.

Mwaka 1976 alikata ngozi yangu. Ngozi ya ng'ombe ya kulalia, nyekundu yenye mabaka meupe, mama alinipa siku naolewa. Niliikuta imekatwa kona nzima. Nyumbani tulikuwa watatu tu. Hezekia akasema hajui. Luciana aliinama tu.

Tangu hapo salamu nilimpa, chumvi nilimpa. Moyo sikumpa.

Nikatokeza uani.

Winfrida amepiga magoti, mikono imejaa grisi. Kijana mwenye miwani ameshika gurudumu langu. Luciana yuko kwenye kigoda, anawamenyea viazi!

"Shikamoo bibi!" Kijana aliruka.

Sikuitikia. Mimi, ambaye sijawahi kumnyima mtu marahaba!

"Wifi," nikamwambia Luciana, "hukutosheka na ngozi?"

Akainama. Vilevile kama zamani.

"Bibi, tulia kwanza..."

"Zebaki mmeipata?"

"Zebaki?! Bibi bwana, zebaki ya wapi!" Winfrida akafuta mikono. "Huyu ni Simoni, nimesoma naye VETA. Siku hizi yuko na kampuni ya Hallberg."

"Hallberg walikufa. Babu yako alikuwa anakosa hata spea."

"Wamefufuka, bibi," Simoni akasema kwa upole. "Ila sasa wanatengeneza mota za umeme na gia zake, za pikipiki za mashindano."

"Na gurudumu langu linawahusu nini?"

"Nguvu ya injini ya mafuta inapanda taratibu. Mota ya umeme ukiigusa tu, nguvu yote inakuja kwa mpigo. Kila wakijaribu, meno ya gia yanakatika. Wakapekua makaratasi ya zamani, wakakuta barua."

"Ya nani?"

"Ya babu!" Winfrida akadakia. "Mwaka 1976! Aliwaandikia kwamba kwenye mchanga wa huku meno yalikuwa yanakatika. Akawachorea dawa yake. Vipande vya ngozi ya ng'ombe, vilivyolowekwa mafuta ya alizeti, akavibana kati ya gia na gurudumu vipokee mshtuko. Hawakumjibu."

"Na kujificha ni kwa nini?"

Mtoto akaangalia chini.

"Niliogopa. Tungekwambia, halafu tufungue tukute hamna kitu, ungelia. Nilitaka tuhakikishe, turudishe. Nimekosea, bibi."

Simoni akachomoa kipande kwa koleo, akaniwekea kiganjani. Kigumu, cheusi tii. Winfrida akakifuta kwa tambara.

Upande mmoja manyoya bado yapo.

Mekundu... na baka jeupe!

Nikakaa chini bila kuangalia nakaa wapi.

"Nisomeeni hiyo barua."

Ilikuwa ya Kiingereza, kwenye simu ya Simoni. Winfrida akanitafsiria hadi mstari wa mwisho.

"'Ngozi hii ni ya mke wangu Emiliana. Bado hajui. Mkinijibu ndipo nitamwambia, aone kwamba haikupotea bure.'"

Hawakumjibu... Naye hakuniambia. Hadi tunamzika!

Nikamgeukia Luciana.

"Wifi... ulijua?"

"Nilimwona akikata."

"Ukanyamaza miaka yote hii?!"

"Ulikuwa na mimba ya kwanza, na hasira zako nazijua. Ungebeba mzigo wako ukarudi kwenu Kinampanda." Akatabasamu. "Wifi kuchukiwa ni kawaida. Mume kuachwa ndiyo aibu." Kisha tabasamu likamwisha. "Ila nilichoka, Emi."

Hapo nikakumbuka. Wiki ileile ya mwaka 1976 Luciana alinipa ngozi yake mwenyewe, akalala kwenye mkeka. Nilipojifungua aliniletea uji kila asubuhi kwa siku arobaini. Nami nilikunywa nikijisemea, mwizi anatubu.

"Nisamehe, wifi."

"Lete hilo debe tulitue kwanza, shingo itakuuma," akasema.

Kumbe bado nilikuwa nalo kichwani!

Gurudumu limerudi mahali pake. Simoni alipima, akapiga picha, akachukua kipande kimoja kwa ruhusa yangu. Anasema kipuri kipya kitaitwa kwa jina la Hezekia. Nitaamini nikikiona.

Kabla hajapanda basi nilimshika mkono nikamwambia, "Marahaba, mjukuu wangu." Deni lake la tangu asubuhi.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu umemshuku miaka mingi na hujawahi kukaa naye ukamuuliza, nenda leo. Mimi nilimhukumu mtu nikiwa binti, nikaja kumuuliza nikiwa bibi.

Siku hiyo tulikula sahani moja, mimi na Luciana. Viazi vyake vilizidi chumvi.

Nilikula vyote.