Gaara si Garaa

Bi Badriya alikulia Unguja. Sasa anaishi Ibra, Omani, na mjukuu wake, Hala. Ayantu, binti wa Kioromo kutoka Ethiopia, anawasaidia kazi za nyumbani.

Ayantu hakujua Kiswahili wala Kiarabu kingi. Kwa hiyo Hala aliandika maneno ya Kioromo kwenye simu yake: maji, nyumba, mlima. Kila neno aliliandika kama alivyolisikia. Lakini Ayantu alipojaribu Kiswahili na kusema "imkate" badala ya mkate, Hala alicheka. Mwishowe Ayantu akawa hasemi sana.

Ijumaa moja asubuhi, bibi na mjukuu walimwacha Ayantu nyumbani, wakaenda mji wa Mudhaibi kumtazama Jumana, mpwa wa Bi Badriya. Jumana ni muuguzi, na wiki ile alikuwa amejifungua.

"Shikamoo, shangazi," alisema Jumana.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nimwone mtoto."

Kahawa ilikuwa inamiminwa simu ya Hala ilipolia. Ayantu alikuwa ametuma ujumbe wa sauti. "Hala... garaa... garaa koo..." Kisha kilio.

Hala alitazama orodha yake. "Gara. Nimeandika hapa, ni mlima. Anakumbuka kwao, Bibi."

"Maskini, mtoto wa watu!" alisema Bi Badriya. "Tukirudi jioni tutampigia mamake."

Jumana aliinua kichwa. "Hebu irudishe hiyo sauti."

Hala aliirudisha. Jumana alimkabidhi bibi mtoto.

"Sikilizeni. Mlima ni gaara. Unavuta mwanzo. Huyu anasema garaa, anavuta mwisho. Garaa ni tumbo, na koo kwao ni -angu. Tumbo linamuuma!"

"Wallahi? Una hakika?" aliuliza Bi Badriya.

"Wodini napokea Waoromo, na muuguzi mwenzangu ni wa kwao. Ndiye aliyenifundisha. Nani yuko karibu na nyumba yenu?"

Hala alimpigia jirani yao, Taimur. Mkewe alikuwa na ufunguo wa akiba. Walimkuta Ayantu amejikunja sakafuni jikoni, jasho linamtoka. Wakamkimbiza hospitali.

Kidole tumbo kilikuwa kimevimba. Alipasuliwa siku ile ile. "Mngengoja hadi jioni, huenda kingepasuka," daktari alimwambia Bi Badriya.

Bi Badriya alikaa kwenye kiti akalia. "Jioni ningempigia mamake. Ningemwambia nini?"

Hala hakupata usingizi. Siku ya pili alirudi kwa Jumana.

"Nifundishe. Nilikosea wapi?"

"Uliandika gara tu. Waoromo huandika irabu ndefu mara mbili, kwa sababu urefu hubadilisha maana. Na konsonanti pia. Badaa ni kibaya. Baddaa, ukiikaza d, ni nyanda za juu."

"Kama shadda ya Kiarabu, ile alama ya kukaza herufi!"

"Hasa. Darasa, amesoma. Darrasa, amefundisha. Unaijua tayari, ila hukuitegea sikio."

Hala alirekebisha orodha kwenye simu yake. "Na mbona Ayantu husema imkate badala ya mkate? Nilimcheka."

"Neno la Kioromo halianzi na konsonanti mbili pamoja. Mkate unaanza na m na k. Ulimi wake unatafuta irabu ya kushikia. Si ujinga, Hala. Hata wewe ungepata tabu na sauti zao."

Ayantu alirudi nyumbani baada ya siku nne. Hala alikaa kando ya kitanda chake. "Nisamehe," alisema. "Sema neno, nami nitalirudia mpaka uniambie sawa."

Walianza na garaa. Hala alikosea mara tatu. Safari hii Ayantu ndiye aliyecheka, huku ameshika mshono wake.

Mwezi ule Ayantu alianza kuzungumza tena, Kiswahili kwa Kioromo. Akiumwa alisema, na akitaka kitu aliomba.

Siku moja mamake alipiga simu. Bi Badriya aliomba azungumze naye. Akasema polepole, akiikaza k: "Akkam jirtu?" Hamjambo?

Upande wa pili yule mama akaanza kusema, akasema kwa muda mrefu. Bi Badriya alielewa neno moja tu, nagaa, yaani amani.

"Nagaa," alimjibu, akaivuta a ya mwisho vizuri. "Nagaa, dada yangu."