Dirisha Lililofungwa Mchana

Keti vizuri, ndugu msomaji, maana haya yanaweza kuwa yanatokea nyumba ya pili kutoka kwako.

Palikuwa na mji mdogo katika jimbo kubwa lenye watu wachache. Ukisimama barabarani ukapiga kelele, ungechoka wewe kabla hajakusikia mtu. Nyumba zilikuwa zimeachana sana, kwa hiyo wenyeji walikuwa na mazoea yao: kila asubuhi dirisha la mbele lifunguliwe. Jua likipanda nalo bado limefungwa, jirani yeyote anayepita anabisha hodi. Hakuna mkutano uliopitisha jambo hilo. Watu walilikuta, wakaendelea nalo, na asubuhi za mji ule zilikuwa za raha.

Aliyeyajua madirisha yote ni mwenye duka, mjane mmoja wa kicheko kikubwa, aliyeitwa Mama Darubini. Jina hilo hakulipewa bure. Akiwa nyuma ya mizani yake alijua nani kanunua viatu vipya, nani kanuniana na mkewe, na gari la nani limepita bila kusimama. Mwenyewe alisema si umbea, ni kutaka kujua tu.

Basi serikali ya jimbo ikavuta nyaya za intaneti mpaka huko. Vijana, rudini nyumbani, ikasema, sasa kazi itawafuata. Mishahara ya miji mikubwa italiwa huku kwenu. Wa kwanza kurudi alikuwa mwana pekee wa bibi mmoja, rafiki yake Mama Darubini tangu wote wawili wakiwa wasichana. Kwa kuwa alishinda na vipokea sauti kichwani, haikuchukua muda wakambandika jina: Masikio.

"Huyo mwanao anafanya kazi gani hasa?" Mama Darubini alimuuliza bibi alipokuja kununua sabuni.

"Anatafuta mizigo."

"Mizigo gani?"

"Ya watu wa ndege. Mtu akipotelewa na sanduku uwanjani, anapiga simu, mwanangu analitafuta."

"Akiwa humo chumbani?"

"Humo humo."

"Na analipata?"

"Juzi kapata la bibi harusi, na gauni lake ndani."

Mama Darubini alisahau kumpa chenji. Mtu amekaa hapa, mahali ambapo ndege huonekana kama inzi angani, halafu anapata sanduku lililo ng'ambo ya bahari! Alitamani kuiona kazi hiyo kwa macho yake. Tatizo ni kwamba dirisha lilikuwa limefungwa.

Ndiyo, lilifungwa. Masikio alisema mwanga unampiga kwenye skrini. Siku za mwanzo majirani walibisha hodi kama kawaida yao, huyu akitoka anaingia yule, mpaka kijana akatoka amekunja uso.

"Wazee wangu, shikamooni. Nawaomba jambo moja. Mkiona dirisha limefungwa, jueni nipo kazini. Mnanikatiza na wateja."

Watu wakamwelewa, wakazoea. Hapo, ndugu yangu, pasome mara mbili: mji mzima ulijifunza kutobisha hodi.

Tena Masikio hakuwa mtoto mbaya. Alimpenda mama yake, hakutaka ahangaike juani na kikapu. Akawa anaagiza kila kitu kwa simu: sabuni, mchele, balbu, hata chumvi, na gari la mizigo likileta maboksi mpaka mlangoni. Vijana wengine waliorudi baada yake wakafanya vivyo hivyo. Fundi magari aliyekuwa mkabala na duka akakosa wateja, akafunga gereji, akahama na gari lake kuukuu ambalo ndilo lililokuwa likibeba wagonjwa wa mji mzima.

"Mishahara inaingia kwa waya, inatoka kwa waya," Mama Darubini alilalamika. "Hapa kwetu haishuki hata kunywa maji."

Bibi sasa hakuwa na safari ya dukani. Kazi yake ikawa kupokea maboksi, na aliifurahia, kwani naye alikuwa mdadisi kama mwenzake. Boksi halikukaa mlangoni. Gari halijageuza, yeye kashafika na kisu.

Mwishowe Mama Darubini akachoka kupangusa vumbi kwenye bidhaa zisizonunuliwa. Akaamua kwenda kuishi kwa binti yake. Asubuhi moja pikapu ya kukodi ikaja, wakapakia friji, rafu, godoro na mizani. Kabla ya kuondoka akasema, dereva, nisubiri, siwezi kwenda bila kumuaga mwenzangu.

Mlangoni kwa bibi alikuta boksi limelala juani. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini hilo halikumshtua tena. Kilichomshtua ni boksi.

"Huyu mwanamke aache boksi bila kulichungulia?" alijisemea. "Haiwezekani."

Akazunguka nyuma. Bibi alikuwa chini, kando ya tangi la maji, ndoo imepinduka, mguu umekaa vibaya, midomo imekauka.

"Umbea wako leo umekawia wapi?" bibi akanong'ona.

Mama Darubini akakimbilia dirishani, akapiga mbao kwa viganja. Ndani alisikia Masikio akicheka na mteja. Akalivuta dirisha kwa nguvu zake zote mpaka komeo likang'oka, mwanga ukamwagika chumbani. Hatimaye akaiona ile kazi: meza, skrini, na mgongo wa mtu. Bila kugeuka, Masikio alinyoosha kiganja: subiri.

Mama Darubini akamrushia rundo la funguo za duka. Lilimpata begani.

"Nisubiri nini? Mama yako yuko chini!"

Kijana alitoka mbio, vipokea sauti vikimning'inia shingoni. Akapiga simu ya gari la wagonjwa. Akajibiwa kuwa lipo mbali, asubiri.

"Tumwite fundi na gari lake!" akasema.

"Fundi alihama."

"Alihama lini?"

Mama Darubini alishaanza kumwita dereva wa pikapu. Wakashusha friji na rafu barabarani, wakabakiza godoro, wakamlaza bibi juu yake. Masikio akapakata kichwa cha mama yake, gari likaondoka.

"Mama, kwa nini hukuniita?"

"Nilikuita."

"Sikusikia, mama."

"Najua. Mimi nilikuwa nakusikia wewe. Ulikuwa unacheka vizuri."

Njia ilikuwa ndefu, na Masikio alikikinga kichwa cha mama yake kwa viganja mpaka hospitali.

Bibi alipona, ila mguu ule haukurudi kama zamani; sasa anatembea na fimbo. Fundi hakurudi. Masikio aliporudi kutoka hospitali alikuta vitu vya duka bado vipo barabarani, vimefunikwa turubai. Akaanza kuvibeba kuvirudisha ndani ya duka.

"Nibaki nimuuzie nani?" Mama Darubini, aliyekuwa amerudi pamoja naye, akamuuliza.

"Anza na mimi. Na wenzangu nitawaleta."

"Utawaleta kwa mdomo au kwa vikapu?"

"Kwa vikapu, mama."

Mama Darubini akasema atajaribu mpaka mvua zijazo, kisha ataona. Na lile dirisha? Meza iligeuzwa tu, ikaelekea upande wa pili, mwanga usipige skrini, na dirisha likabaki wazi. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kugeuza meza. Siku hizi Mama Darubini hupita asubuhi na kuegemea pale.

"Leo umepata nini?"

"Gitaa la mzee mmoja."

"Na mama yako?"

"Nipo!" bibi hujibu kutoka ndani, kabla mwanawe hajafungua kinywa.

FUNZO

Kazi ya mbali ni neema, hasa kwetu tunaoishi wachache katika nchi pana. Lakini kukaa nyumbani si kuwepo nyumbani. Wewe unayelipwa kutoka mbali, nunua pia karibu, kwa sababu siku ya shida kampuni yako haitakuja na godoro. Jifunze kusikia wa ndani kabla ya wa ng'ambo. Na ninyi majirani, hata mkikatazwa, endeleeni kubisha hodi.