Upande Usio na Sauti

Haya yalimpata Errol, jirani yangu hapa Nottingham, na Errol si mtu wa porojo. Ujanani yeye na rafiki yake Lloyd walitoa santuri moja ya rap kali, ambayo mpaka leo watu wanaisaka. Errol alighani mistari, na Lloyd akadakia neno la mwisho la kila mstari kwa ukelele. Lloyd tulimzika mwaka jana.

Juzi mtu aliyetaka kuinunua santuri hiyo alimpigia Errol simu. "Mzee, haina mikwaruzo?"

"Wacha wee! Ngoja niisikilize."

Ilikuwa jioni ya baridi, giza limeingia mapema. Akaweka kwenye gramafoni upande wa pili, wenye mdundo mtupu bila sauti ya mtu. Mdomo ukamwasha, akaanza kughani, akiacha pengo la Lloyd kwa mazoea.

Pengo likajazwa, nyuma yake, gizani.

"Masikio yangu haya," akajiambia. Basi akatunga mstari mpya papo hapo, ambao hata yeye hakujua utaishaje. Mdundo ulikuwa umekwisha. Sindano ilikwaruza tu.

"Nyumba nzima kimya, nimebaki na..."

"Mimi!" ikadakia sauti, kwa ukelele uleule.