Aliyemshika Mkono Majini

Gati la Larena lilifurika watu Marivic aliposhuka kwenye feri iliyotoka Cebu, gauni lake la manjano likipepea, miwani ya kuzamia ikining'inia shingoni. Kijana mmoja aliyeegemea pikipiki akamcheka.

"Dada, samaki wako sokoni. Ya nini kuwafuata majini?"

"Nataka kuwaona wakiwa hai. Wapi pazuri?"

"Panda nikuonyeshe. Naitwa Eldrin."

Wakazunguka kisiwa chote cha Siquijor pamoja: Paliton kwenye mchanga mweupe, Tubod kwenye matumbawe yaliyojaa samaki. Jioni walikula samaki wa kuchoma, Eldrin akimtania kwamba anaogelea kama kuku. Haikupita wiki, Marivic alikuwa haulizi tena habari za fukwe, anauliza tu Eldrin atakuja saa ngapi.

Mchana mmoja, walipopita Lazi, Marivic akaona kighuba kidogo chenye maji maangavu.

"Simama! Hapa hapa!"

"Hapa hatuogi, mpenzi."

"Kwa nini?"

"Hatuogi tu. Hata bibi yangu hapiti hapa bila kuwaomba ruhusa wenyewe wasioonekana."

Marivic akacheka, akateremka peke yake, akapiga mbizi.

Matumbawe yalikuwa ya zambarau, mazuri ajabu, lakini hapakuwa na samaki hata mmoja. Ghafla mkono ukaushika wake. Akageuka. Eldrin! Hana miwani wala mrija wa kupumulia, anatabasamu. Akamvuta taratibu kuelekea kwenye kina cheusi, mkono wake baridi kama barafu. Marivic akajichomoa, akaibuka kuvuta pumzi. Hakuna mtu. Eldrin alikuwa juu barabarani, shati kavu, anamenya ndizi.

"Mzaha gani ule? Ungeniua!"

"Mzaha upi? Sijashuka hapa, Mari."

"Mwongo mkubwa!"

Wakaachana kwa hasira. Eldrin alipiga simu hadi usiku, Marivic hakupokea.

Kesho yake akakodi bajaji, akarudi peke yake, simu ndani ya mfuko wa plastiki shingoni, apate kujihakikishia kwamba hakuota. Maji yalipomfika kiunoni, akamwona Eldrin kando ya jiwe, akimwita kwa mkono. Hasira ikamwisha.

"Umekuja kuniomba radhi, eeh?"

Eldrin akatabasamu tu. Marivic akapiga hatua kumfuata. Simu ikalia. Jina kwenye kioo: Eldrin. Akapokea.

"Usikate, mpenzi! Nimesikia umekwenda Lazi. Niko njiani!" Pikipiki ilinguruma nyuma ya sauti yake.

Marivic akainua macho. Yule mtu alikuwa amesogea karibu, na maji hayakuwa yametikisika.

"Eldrin," akanong'ona, "nani huyu ninayemwona?"

"Toka! Toka usimjibu!"

Akakimbia, akaanguka, akainuka, akafika mchangani pikipiki inasimama. Eldrin akamrukia, akamkumbatia. Alikuwa wa moto, ananuka jasho na petroli.

"Nisamehe, nilikuita mwongo."

"Yameisha, mama."

"Nioe, Eldrin. Nioe, unitoe hapa."

"Ulitaka kuniwahi? Nilikuwa nakuja kukuambia hivyohivyo!" Akacheka huku analia.

Marivic akachungulia juu ya bega lake. Kule majini yule mwingine naye alikuwa analia na kucheka, mikono yake imekumbatia hewa, kichwa kimeinama vilevile kama cha Eldrin.